Uzi Chini ya Kisigino

Picha kumi na nane, na mama hayumo.
Umo moshi, umo mchirizi wa rangi ya machungwa
kama ubao uliofutwa kwa kiganja,
limo karai lenye masikio manne,
na pale uso ulipopaswa kuwa
pana kitu kama maziwa yaliyomwagika.

Nilizifuta kumi na saba. Moja nikaiacha, sijui kwa nini.

Ni Obunga, saa mbili usiku, stima imekatika tangu alasiri.
Koroboi moja juu ya debe,
na moto wa vumbi la mbao unaokohoa.
Mama, Dorsila Akeyo kwa wateja wake,
anakaanga mgongo wazi:
kichwa, uti, mkia. Minofu ilishapanda ndege
kwenda kwa watu tusiowajua.
Kamera si yangu. Ni ya Ogwang' wa Kondele,
nimeikodi mia tatu hadi asubuhi,
naye alinionya mlangoni: usiku hausamehe mkono.

Nikawasha flashi. Mama akaruka,
mafuta yakarukia leso.
"Unanipigia radi na karai limechemka?"
Na picha yenyewe: moshi mweupe kama shuka la hospitali,
nyuma yake mwanamke aliyefumaniwa.
Nikaizima.

Nikaanza kujifunza mwili wangu upya.
Viwiko nikavibana mbavuni kama kuku aliyelowa.
Nikaegemea nguzo ya stima,
angalau nayo ipate kazi usiku huu.
Tundu la lenzi nikalifungua hadi mwisho,
likatanuka kama jicho la paka wa soko la Jubilee.
Nikaifanya kamera iwe nyepesi kuhisi mwanga,
chenga zikaingia pichani kama unga wa wimbi;
afadhali chenga,
uso ulioteleza haurudi.
Nikatoa pumzi nusu, nikaikata,
kitufe nikakibonyeza jinsi unavyobonyeza parachichi
ambalo huna nia ya kulinunua.

Bado.

Mama alikuwa akinitazama. Akapekua kikapu,
akanitupia uzi wa nyavu, nailoni ya kijani:
"Funga hapo chini yake. Kanyaga ncha. Vuta juu.
Ndivyo tulivyokaza wavu tukiuziba matundu."
Nikafunga, nikakanyaga, nikavuta.
Uzi ukakaza kati ya kisigino na kidevu,
mikono ikaacha ubishi wake.

Debe likasimama. Koroboi ikasimama.
Ukingo wa karai ukatoka mkali, ungeweza kuunyolea ndevu.
Mama peke yake akabaki maziwa.

"Mkono umetulia, mama. Sasa ni wewe."
Akacheka kwa Kijaluo, akajibu kwa Kiswahili:
"Mimi nitatulia mkinizika. Wateja hao, uza."

Nikauza. Nikafunga magazeti, nikahesabu chenji
kwa mwanga wa simu ya mteja.
Na katika kuuza nikaona jambo
ambalo miaka ishirini na tatu sikuwa nimeliona:
kabla ya kushusha mgongo kwenye mafuta
mama huzuia pumzi.
Kichwa kinarudi nyuma kidogo, anafumba jicho moja nusu,
mkono unaganda juu ya karai
kwa muda wa kutamka "samaki".
Kisha chwaaa.

Nikarudi kwenye nguzo. Kisigino, uzi, viwiko.
Nikangoja.
Akachukua mgongo, akauinua.
Akazuia pumzi yake. Nikazuia yangu.

Asubuhi Ogwang' aliitazama kwenye kioo cha kamera,
akaikuza hadi kovu la kidole gumba,
hadi tone la jasho lisiloamua liangukie wapi.
Akanirudishia hamsini, bila kusema ni ya nini.

Mama aliitazama zaidi yake.
"Huyu amechoka," akasema,
kama anayemzungumzia jirani.
Akapangusa mikono kwa leso, polepole, kila kidole,
kisha akataka aione ile nyingine,
ile niliyoiacha.